Wazee Walioshuka Kwenye Kiti

Hotuba iliyotolewa Lubumbashi mbele ya vijana wa vyama vya kiraia, wanafunzi wa sheria na wazee wa komuni. Imechapwa nzima kwa ajili ya waliokosa kufika.

Jambo yenu!

Wazee wetu mliokaa mbele, akina mama, akina baba, na ninyi vijana mliosimama nyuma kwa sababu viti vimekwisha: asanteni kwa kuja. Leo tunazungumza juu ya marais na mawaziri wakuu wa zamani, wale wanaokusanyika na kwenda katika nchi zinazowaka moto ili kusaidia demokrasia isimame. Ni habari ya mbali? Hapana. Inatuhusu sisi Wakongomani kuliko watu wengi wa bara hili.

Tarehe 24 Machi 2025, viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, waliteua watu watano kuongoza mazungumzo juu ya vita vya mashariki mwa nchi yetu. Olusegun Obasanjo wa Nigeria. Uhuru Kenyatta wa Kenya. Kgalema Motlanthe wa Afrika Kusini. Catherine Samba-Panza wa Jamhuri ya Afrika ya Kati. Sahle-Work Zewde wa Ethiopia. Wote watano waliwahi kukaa kwenye kiti cha rais, na wote watano walikuwa wameshashuka. Hawana askari hata mmoja. Hawana kura katika bunge letu. Goma ilikuwa imeshachukuliwa, Bukavu imeshachukuliwa. Basi watu hawa wanaweza nini?

Sokoni mnasikia jibu moja: wanakuja kula posho, wanalala hotelini, wanarudi kwao. Kwenye redio mnasikia jingine: wataleta amani. Naomba yote mawili tuyaweke kando. Mzee aliyeshuka kwenye kiti haleti amani, wala haleti demokrasia. Analeta nafasi. Siku arobaini, siku hamsini ambazo watu wasiosalimiana wanakubali kukaa chumba kimoja. Nini kiingie katika nafasi hiyo, na nini kibaki baada ya mzee kupanda ndege, hilo ndilo nitakalolisema leo.

Kwanza tuulize: kwa nini aliyeshuka, na si yule aliye kitini?

Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Rais akiwa juu ya ngazi, kila anayemwendea ana jambo lake. Waziri anataka abaki waziri, jenerali anataka bajeti, balozi anataka mkataba wa madini. Nani atampigia simu usiku bila kumwomba kitu? Yule aliyekaa kwenye kiti kama hicho akashuka. Huyo peke yake anaijua hofu ambayo hakuna mshauri anayethubutu kuitaja. Nikiondoka, nitalala wapi? Nitakamatwa? Watoto wangu je? Hawa niliokula nao, watanikana? Sheria nzuri tunazo Afrika, tena nyingi. Mageuzi hukwama kwenye maswali hayo manne.

Tazameni jirani yetu hapa. Ukivuka Kasumbalesa uko Zambia. Kenneth Kaunda aliitawala nchi hiyo miaka 27, akakubali uchaguzi wa vyama vingi, akashindwa tarehe 31 Oktoba 1991, na tarehe 2 Novemba akampa kiti Frederick Chiluba. Siku mbili! Je, alilipwa nini? Mwaka 1996 katiba ilibadilishwa ili mtu ambaye wazazi wake hawakuzaliwa Zambia asigombee urais, na wazazi wa Kaunda walitoka Malawi. Siku ya Noeli ya 1997 akakamatwa. Mwaka 1999 mahakama ikasema si raia wa nchi aliyoipatia uhuru. Uraia wake ulirudi baada ya rufaa. Na baada ya hayo yote, Januari 2008, Kenya ilipokuwa inaungua, mzee huyo akiwa na miaka 83 alipanda ndege kwenda Nairobi pamoja na wenzake kuomba amani. Hiyo ndiyo nguvu ninayoizungumzia. Mtu aliyeshindwa, akafedheheshwa, na bado hakushika silaha: akimwambia mwenzake "kubali", neno lake lina uzito.

Zambia ilijifunza nusu ya somo. Sheria yake ya 1993 inampa rais mstaafu pensheni, nyumba, gari na walinzi, lakini inamnyang'anya akirudi katika siasa. Edgar Lungu alirudi mwaka 2023, akapoteza stahiki hizo. Alipofariki Juni 2025, hata maziko yake yakawa kesi mahakamani Pretoria. Marais watakaofuata wanayaona hayo yote. Kila mmoja anapiga hesabu yake kimya.

Na sisi? Hesabuni pamoja nami. Lumumba, waziri mkuu wa kwanza, aliuawa usiku wa tarehe 17 Januari 1961, si mbali na mahali tulipokaa. Kasa-Vubu alipinduliwa Novemba 1965, akafia Boma mwaka 1969. Tshombe, mtu wa huku, aliyefika kuwa waziri mkuu wa Congo nzima, alifia kizuizini Algeria mwaka huo huo. Mobutu alifia Rabat Septemba 1997, miezi minne baada ya kukimbia. Mzee Laurent-Désiré Kabila aliuawa Januari 2001 akiwa bado rais. Zaidi ya miaka arobaini baada ya uhuru, hatukuwa na rais mstaafu hata mmoja aliyekaa nyumbani kwake akinywa chai. Hata mmoja! Penye wazee haliharibiki neno, tunasema. Wetu walikuwa wapi?

Tarehe 24 Januari 2019 Joseph Kabila alimkabidhi Félix Tshisekedi. Ubishi juu ya matokeo ya uchaguzi ule ulikuwa mzito na siupunguzi, lakini ilikuwa mara ya kwanza rais wa Congo kumpa rais mwingine kiti bila risasi. Kifungu cha 104 cha katiba yetu kinasema rais wa zamani aliyechaguliwa ni seneta wa maisha. Julai 2018 ilikuwa imepitishwa pia sheria juu ya hadhi na haki za marais wa zamani. Basi karatasi ilikuwepo. Mei 2025 Baraza la Seneti lilimwondolea Kabila kinga, na Septemba mwaka huo mahakama kuu ya kijeshi ikamhukumu kifo bila yeye kuwepo. Kesi yenyewe sitaihukumu hapa. Mashtaka ni mazito na watu waliokufa mashariki wanastahili haki. Ninachotaka mkione ni hiki: nchi hii bado haina mzee wa ndani ambaye pande zote zinaweza kumwita. Ndiyo maana kila mara tunaazima. Tuliazima Botswana, tukaazima Togo, tukaazima Nigeria na Tanzania. Kuazima si aibu. Lakini cha kuazima hurudi kwa mwenyewe.

Wanaoazimwa wamejipanga katika makundi kadhaa, na ni vizuri kuyatofautisha. Club de Madrid ilitokana na mkutano wa Oktoba 2001. Ina zaidi ya marais na mawaziri wakuu wa zamani 100, na sharti lake ni kwamba mwanachama awe alichaguliwa kidemokrasia. Kundi la The Elders lilizinduliwa na Mandela Johannesburg tarehe 18 Julai 2007, siku alipotimiza miaka 89. Humo hakuna anayeruhusiwa kushika cheo cha serikali. Joaquim Chissano wa Msumbiji aliwakusanya wastaafu wa Afrika Maputo mwaka 2006. Umoja wa Afrika nao una Jopo la Wenye Hekima, watu watano, mmoja kwa kila kanda. Makundi ya kwanza matatu hujituma yenyewe. La mwisho hutumwa. Shikeni tofauti hiyo, maana tutaona jinsi inavyoua au kuokoa kazi.

Sasa kazi yenyewe. Nichukue Kenya 2008 nipite nayo taratibu, kwa sababu pale unaona kila kiungo.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 27 Desemba 2007. Tarehe 30 Mwai Kibaki akatangazwa mshindi, na jioni ile ile akaapishwa. Mpinzani wake Raila Odinga akakataa. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa, laki kadhaa wakakimbia nyumba zao. Nani alifika kwanza? Askofu Desmond Tutu. Kisha John Kufuor, rais wa Ghana, aliyekuwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika. Na wastaafu wanne, Chissano, Masire wa Botswana, Mkapa wa Tanzania na Kaunda. Wote walipokelewa vizuri, wote walipewa chai, na mauaji yaliendelea. Kwa nini? Hawakuwa na barua. Walikuja kusihi. Pande mbili hazikuwa zimekubali kwa maandishi kwamba huyu ndiye msuluhishi wetu na hii ndiyo meza yetu.

Lakini msidharau ziara zile. Kufuor aliondoka akiwa na jambo moja mfukoni: pande zote mbili zimekubali jopo la Umoja wa Afrika. Kofi Annan, katibu mkuu wa zamani wa Umoja wa Mataifa. Benjamin Mkapa, rais mstaafu wa Tanzania. Na mama Graça Machel wa Msumbiji. Hapo kazi ikaanza kuwa kazi.

Annan alitua Nairobi tarehe 22 Januari. Tarehe 24 aliwakutanisha Kibaki na Odinga, wakashikana mikono mbele ya kamera. Mkono ule haukumaliza neno lolote la siasa. Uliwaambia vijana wenye mapanga kwamba wakubwa wao wanazungumza, basi wewe unamuua nani? Kisha akaweka sharti: meza moja tu. Nchi jirani zilitaka kusaidia, mabalozi wakubwa walitaka kusaidia, na Annan akawaambia wote wasukume nyuma ya meza hiyo, wasifungue nyingine. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Tazameni sasa namna meza ilivyopangwa. Kila upande ulileta watu wanne. Si arobaini, wanne, wenye uwezo wa kuamua. Wakakubaliana ajenda nne. Ya kwanza, kusimamisha mauaji na kurudisha uhuru wa watu. Ya pili, wakimbizi na upatanisho. Ya tatu, mgogoro wa kisiasa: nani atawale na kwa namna gani. Ya nne, mizizi: ardhi, umaskini, ukabila, katiba, mahakama, polisi. Tatu za kwanza zilipewa kati ya siku 7 na 15. Ya nne ilipewa mwaka mmoja. Mnaona busara yake? Wangeanza na nani alishinda, wasingefika hata siku ya tatu. Walianza na lile ambalo hakuna anayeweza kulikataa hadharani: watu wasiuawe. Wakipata saini ndogo leo, kesho wanaizoea kalamu.

Walipokwama kwenye ajenda ya tatu, Annan aliwatoa mjini, akawapeleka kwenye hoteli ya mbugani Tsavo, mbali na waandishi wa habari. Akamleta waziri kutoka Ujerumani awaeleze vyama vinavyopingana vinawezaje kuendesha serikali pamoja: nani anagawa wizara, ugomvi unakwenda wapi, mkataba unaandikwa kurasa ngapi. Mambo ya fundi, si mahubiri. Bado wakakwama. Tarehe 26 Februari Annan akasimamisha mazungumzo ya wale wanane, akasema nitazungumza na mabosi wenyewe. Tarehe 28 Februari aliingia na Kibaki na Odinga pamoja na Mkapa na Jakaya Kikwete, ambaye ndiye kwanza alikuwa ameshika uenyekiti wa Umoja wa Afrika. Kikwete wa nini? Yeye mwenyewe alikuwa rais anayetawala na rais mwenye waziri mkuu chini yake. Hofu ya Kibaki ilikuwa kwamba kuwa na waziri mkuu ni kupoteza nchi. Mbele yake amekaa mtu anayeishi hivyo kila siku na hajapoteza nchi. Siku hiyo hiyo wakatia saini.

Kama siku arobaini za jopo, na hapa ndipo wengi hufunga hadithi. Tusiifunge. Saini haikuachwa iwe karatasi ya hotelini: tarehe 18 Machi bunge la Kenya liliifanya sheria, cheo cha waziri mkuu kikaingia katika katiba. Tume ya jaji Kriegler ikachunguza uchaguzi, na tume ya uchaguzi iliyovuruga ikavunjwa kabla mwaka haujaisha. Tume ya jaji Waki ikachunguza mauaji. Jopo likaacha ofisi Nairobi, na kampuni ya utafiti ikapewa kazi ya kupima kila baada ya miezi michache: ahadi hii imetimizwa, hii bado, hii imekwama kwa waziri fulani, na ripoti zikatolewa kwa wananchi wote. Tarehe 4 Agosti 2010 Wakenya wakapiga kura ya katiba mpya, asilimia 67 wakasema ndiyo.

Je, kila kitu kilifaulu? Hapana. Bunge lilikataa mahakama maalum ya ndani, majina yakapelekwa kwenye mahakama ya kimataifa ya The Hague, na kesi zile zikaanguka moja baada ya nyingine. Uhuru Kenyatta, ambaye leo ni msuluhishi wetu, alikuwa miongoni mwa washtakiwa. Mashtaka yake yaliondolewa Desemba 2014. Waliouawa Kiambaa na Naivasha bado hawajapata haki yao. Nalisema ili tusidanganyane. Mapatano ya wakubwa hufaulu zaidi kugawa vyeo na kurekebisha sheria. Kwa haki ya waliokufa huwa dhaifu sana, na nani atawadai haki hiyo kama si sisi raia?

Sasa turudi kwetu, maana sisi tulipitia hayo kabla ya Kenya.

Mkataba wa Lusaka wa kusimamisha vita vyetu, wa Julai 1999, ulisema lazima Wakongomani wazungumze, na msuluhishi asiyeegemea upande awaongoze. Desemba mwaka huo akachaguliwa Quett Ketumile Masire. Ni nani huyu? Rais wa Botswana tangu 1980, aliyejiuzulu mwenyewe 1998 hakuna aliyemsukuma. Barua alikuwa nayo. Basi nini kilikwenda vibaya? Mwenye nyumba hakumtaka. Juni 2000 serikali ya Kinshasa ilifunga ofisi yake. Wengine walimlaumu kwamba hajui Kifaransa. Miezi ikapita bure. Mlango ulifunguka baada tu ya Januari 2001, rais alipokuwa mwingine.

Oktoba 2001 walikutana Addis Ababa, na mkutano ule ulivunjika ndani ya siku chache. Kwa sababu ya itikadi? Fedha! Wajumbe mamia walitarajiwa, fedha zikatosha wachache, na ujumbe wa serikali ukasema huu si mkutano wa taifa, ukaondoka. Vijana wa sheria, andikeni hilo. Amani ya Congo ilisimama kwa miezi minne kwa sababu ya tiketi za ndege na vitanda. Anayewaambia kwamba posho na usafiri ni mambo madogo hajawahi kuandaa mazungumzo. Afrika Kusini ikajitolea kuwa mwenyeji, na tarehe 25 Februari 2002 watu zaidi ya 300 wakakaa Sun City. Serikali, makundi ya silaha, upinzani usio na silaha, wanamgambo wa Mai-Mai, na jamii ya kiraia, wakiwemo akina mama. Wakagawanyika katika kamati tano: siasa na sheria, ulinzi na usalama, uchumi na fedha, mambo ya jamii, amani na upatanisho.

Siku 52. Na mwisho wake? Serikali na waasi wa MLC ya Bemba wakapatana vyumbani peke yao, waasi wa RCD-Goma na chama cha Étienne Tshisekedi wakabaki nje. Mkishaona mapatano ya wawili kwenye meza ya watano, mjue vita haijaisha. Masire aliondoka akilaumiwa. Lakini kazi ya kamati zile haikupotea. Thabo Mbeki, rais wa Afrika Kusini wakati ule, na Moustapha Niasse, waziri mkuu wa zamani wa Senegal aliyetumwa na Umoja wa Mataifa, walizichukua karatasi hizo hizo, na tarehe 17 Desemba 2002 Pretoria wakapata saini za wote. Ndipo tukapata ile serikali tuliyoiita moja jumlisha nne, rais mmoja na makamu wanne. Mlicheka, tukacheka wote. Lakini ndani ya mkataba ule mlikuwa na jambo ambalo wachache walilitazama: tume ya uchaguzi ilipewa jamii ya kiraia, isishikwe na mwenye bunduki yeyote. Padri Malu Malu akaiongoza. Wapiga kura zaidi ya milioni 25 wakaandikishwa katika nchi isiyo na barabara. Desemba 2005 tukapiga kura ya katiba, Julai 2006 tukapiga kura ya rais. Katiba tunayoitetea leo ilizaliwa humo.

Linganisheni na 2016. Muhula wa rais ulikuwa unakwisha Desemba, uchaguzi haukuandaliwa. Umoja wa Afrika ukamtuma Edem Kodjo, waziri mkuu wa zamani wa Togo. Barua alikuwa nayo. Mwenye nyumba alimkubali, tena sana, na hapo ndipo ubaya ulipokaa. Upinzani mkubwa ulimwona ni mtu wa Ikulu, ukakataa kuingia. Yeye akaendelea na waliokuwepo. Tarehe 18 Oktoba wakatia saini kwamba uchaguzi utakuwa Aprili 2018. Saini ya wasiokuwepo haipo! Ikabidi maaskofu Wakatoliki wa CENCO waanze upya, na usiku wa mwisho wa mwaka, tarehe 31 Desemba 2016, wakapata mkataba mwingine wenye pande zote: uchaguzi kabla 2017 kuisha, na rais asigombee muhula wa tatu. Uchaguzi ulichelewa mwaka mzima. Ahadi ya muhula ilishikwa. Kwa nini ile ilishikwa na hii ikachelewa? Ya muhula ilikuwa neno moja ambalo kila mwanamke wa soko alilijua na kila parokia ililirudia Jumapili. Ya tarehe ilitegemea mashine, bajeti na orodha ya wapiga kura, vitu ambavyo hakuna aliyekuwa anavikagua kila wiki.

Na Burundi, kwa kifupi, maana ndugu zetu wa Uvira wanaijua kuliko mimi. Nyerere alianza mazungumzo ya Arusha mwaka 1998, akafariki Oktoba 1999 kabla ya kumaliza, Mandela akamalizia, Agosti 2000 wakatia saini. Mwaka 2015 rais akachukua muhula wa tatu. Mkapa akatumwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Mzee yule yule wa Kenya, busara ile ile, subira ile ile. Serikali ikakataa kukaa na wapinzani waliokuwa uhamishoni, na marais wa Jumuiya wakashindwa kuibana. Mkapa alikabidhi ripoti yake, akarudi nyumbani. Mzee asiyesukumwa na walio kitini ni mgeni tu.

Jambo la mwisho la kwetu ni Goma. Novemba 2008 Obasanjo alitumwa na Umoja wa Mataifa, Mkapa akaungana naye. Tarehe 23 Machi 2009 serikali na waasi wa CNDP walitia saini pale Goma: wapiganaji waingie jeshini, CNDP iwe chama, wakimbizi warudi, kuwe na kamati za kufuatilia. Miaka mitatu baadaye, Aprili 2012, askari wale wale waliasi wakidai mkataba haukutekelezwa, wakajiita kwa tarehe ile: M23. Mmewahi kuona mahali pengine tarehe ya mapatano ikawa jina la vita? Kamati za kufuatilia ziliandikwa katika mkataba. Waulizeni watu wa Masisi na Rutshuru kama waliwahi kuona mjumbe wake amekaa kwenye baraza lao akisoma kifungu kwa kifungu.

Sasa niwaonyeshe kinachoweza kufanyika kabla nyumba haijaungua. Nigeria, baada ya uchaguzi wa 2011, mamia ya watu waliuawa. Kuelekea 2015, Wanigeria hawakungoja mgeni. Abdulsalami Abubakar, jenerali aliyeshika nchi chini ya mwaka mmoja na kuikabidhi kwa raia Mei 1999, aliongoza Kamati ya Taifa ya Amani pamoja na maaskofu, Sultani wa Sokoto na watu wengine wanaoheshimiwa. Tarehe 14 Januari 2015 wagombea walitia saini Abuja, Kofi Annan akishuhudia: hatutafanya kampeni ya dini wala kabila, na tutawakemea watu wetu hadharani. Tarehe 26 Machi, siku mbili kabla ya kura, rais Jonathan na mpinzani wake Buhari wakatia saini tena. Tarehe 31 Machi, matokeo yakiwa bado hayajakamilika kutangazwa, rais Goodluck Jonathan alimpigia simu Buhari kumpongeza. Miezi mitatu ya kazi ilikuwa ndani ya simu ile.

Sisi hatuna Abdulsalami. Tuna maaskofu wa CENCO na wachungaji Waprotestanti wa ECC, ambao mwaka 2025 walizunguka kuzungumza na pande zote, hata Goma. Tuna maspika wa zamani, majaji wastaafu, mawaziri wakuu wa zamani wengi kuliko tunavyokumbuka majina yao. Wengi bado wanatafuta cheo, na anayetafuta cheo hawezi kazi hii. Lakini wapo walioacha. Mkoani hapa wapo. Watafuteni sasa, kabla ya orodha ya wagombea wa uchaguzi ujao, na muwaombe jambo dogo lenye tarehe: wagombea wa mkoa watie saini mara mbili, mwanzoni mwa kampeni na siku mbili kabla ya kura, mbele ya redio. Msianze na nchi nzima.

Na wale wageni watakapokuja tena, iwe Kinshasa, Nairobi au Doha, vyama vyenu vitaalikwa siku moja kutoa maoni. Msiende na shairi la malalamiko. Ombeni kuiona barua ya kutumwa: nani ameitia saini, na kama pande zote zimeikubali. Ulizeni nani hayupo mezani, na kwa nini. Ulizeni nani analipa, na kwa siku ngapi. Kisha ombeni kiti katika kamati ya kufuatilia, kiti chenye jina la mtu na bajeti ya usafiri, kabla ya saini, maana baada ya saini viti hugawanywa haraka sana.

Mikataba hii huandikwa Kifaransa na Kiingereza. Wanafunzi wa sheria, kazi yenu ni hapa: mkataba ukitoka leo, ndani ya wiki moja uwe umesomwa kwa Kiswahili katika komuni zetu za Katuba, Kenya, Ruashi na Kampemba, kifungu kwa kifungu, na kila kifungu chenye tarehe kiandikwe ukutani kwa kalamu nene. Anayehusika, jambo gani, kabla ya siku gani. Mwisho wa kila mwezi mtu mmoja anasimama mbele ya ukuta huo na kuweka alama.

Nimemaliza upande wangu. Tuna saa moja ya maswali. Mama wa mstari wa pili, mkono wako nimeuona tangu tulipofika Sun City. Karibu, uanze wewe.